Kesi Dhidi ya Mbwamwitu wa Wisconsin

Kila mwaka, kuanzia Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving, zaidi ya watu nusu milioni huingia misituni na mashambani katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, wakiwa na bunduki na vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa, kwa siku tisa za kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Kabla hata siku hizo hazijaisha, kaskazini mwa jimbo husikika lalamiko lilelile: kulungu wamekwisha, mbwamwitu wamewamaliza. Mimi ni mkazi wa jimbo hili, na nyama ya kulungu naila kwa hisani ya wafanyakazi wenzangu wanaowinda, kwa hiyo sina sababu ya kuwabeza. Hata hivyo naona kwamba mshtakiwa amehukumiwa kabla ya ushahidi wote kusikilizwa, na Waswahili wanasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kufikia 1960 hivi mbwamwitu walikuwa wametoweka Wisconsin, baada ya miongo mingi ambayo serikali ya jimbo ilimlipa yeyote aliyewaua. Malipo hayo yalifutwa mwaka 1957, wakati karibu hapakuwa tena na wa kuua. Katikati ya miaka ya 1970 walianza kurudi wenyewe kwa miguu wakitokea Minnesota, na leo hesabu yao ni 1,000 au zaidi kidogo. Mbwamwitu mmoja hula kulungu kati ya 15 na 20 kwa mwaka. Kwa hiyo wote kwa pamoja hula takriban 20,000 katika jimbo lenye kulungu zaidi ya milioni moja na nusu, ambako wawindaji wenyewe, kwa bunduki na kwa mishale, huua wapatao 300,000 kila mwaka.

Mwindaji wa kaskazini atajibu, tena kwa haki, kwamba wastani wa jimbo zima haumhusu. Kulungu wengi wako kusini na katikati, kwenye mashamba ya mahindi ambako mbwamwitu ni wachache au hawapo kabisa. Yeye anakaa dunguni katika kaunti ya Bayfield au Forest, ndani ya himaya ya kundi lao. Basi tuhesabu hukohuko. Kundi la mbwamwitu wanne humiliki eneo la takriban kilomita za mraba 150 na kula kulungu wasiozidi 80 kwa mwaka. Tukikadiria kuwa eneo hilo lina kulungu sita kwa kila kilomita ya mraba, jumla yake ni 900, na sehemu ya mbwamwitu haifiki asilimia 10. Jike mwenye afya huzaa mara nyingi mapacha, kwa hiyo idadi ya namna hiyo huweza kubeba hasara hiyo bila kuyumba.

Tatizo huja pale kulungu wanapokuwa wamekwisha kupungua kwa sababu nyingine, kwa kuwa hao 80 huliwa hata kama waliobaki ni 300. Jambo hilo limewahi kutokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika msitu wa taifa wa Superior huko Minnesota, mtafiti David Mech alishuhudia mfululizo wa majira makali ya baridi, msitu uliozeeka na mbwamwitu wakishirikiana kumaliza kulungu katika sehemu kubwa ya msitu huo, na kwa miaka mingi baadaye hawakurudi. Anayedai kwamba mbwamwitu hawana athari yoyote kwa kulungu anapaswa kujibu tukio hilo kwanza. Ninachokataa ni kumfanya mshiriki wa tatu kuwa mtuhumiwa pekee.

Kuna ushahidi mmoja unaonishawishi kuliko takwimu zote. Wataalamu wanapokuta mzoga wa kulungu aliyeuawa na mbwamwitu mwishoni mwa majira ya baridi, hupasua mfupa wa paja na kuutazama uboho. Ukiwa mweupe na mgumu, kulungu huyo alikuwa mzima. Ukiwa mwekundu na laini, wenye majimaji, alikuwa amekwisha kutumia akiba yake ya mwisho ya mafuta, na yumkini asingeiona Aprili hata kama msitu mzima usingekuwa na mbwamwitu hata mmoja. Kulungu wa namna hiyo ameporwa kutoka kwenye mdomo wa njaa. Hakutolewa kwenye shabaha ya mwindaji.

Miaka ya karibuni imeonyesha hivyo waziwazi. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalileta theluji nzito kaskazini, na katika siku tisa za Novemba 2023 wawindaji wa jimbo zima walipata takriban kulungu 174,000, kutoka 203,000 mwaka uliotangulia, huku kaskazini ikiumia zaidi. Makelele dhidi ya mbwamwitu yalipanda. Kisha yakaja majira ya baridi mepesi mno ya 2023 hadi 2024, na Novemba iliyofuata idadi ya kulungu waliopatikana ikapanda. Mbwamwitu hawakuwa wamepunguzwa, kwani Februari 2022 mahakama ilikuwa imewarudishia ulinzi wa serikali kuu, na kuwawinda kukapigwa marufuku. Kilichobadilika ni theluji.

Halafu kuna msitu wenyewe, ambao haupigiwi kelele na mtu. Miti ya kaskazini ilifyekwa karibu yote kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, na machipukizi yaliyofuata yakawa karamu ya kulungu. Leo sehemu kubwa imekomaa na majani yako juu wasikoweza kuyafikia. Dubu na koyote, jamaa wadogo wa mbwamwitu, nao ndio huwinda zaidi watoto wa kulungu katika wiki zao za kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi State katika rasi ya juu ya Michigan, jirani kabisa na Wisconsin, haukuwakuta mbwamwitu wakiongoza orodha ya wauaji wa watoto hao. Lakini dubu huwindwa kwa leseni ambayo watu huisubiri kwa miaka, na sijasikia mtu akidai wafutwe.

Wawindaji hawasemi uongo wanaposema hawawaoni kulungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika kaunti za Wisconsin walikorudi mbwamwitu, ajali za magari na kulungu zilipungua kwa asilimia 24, na watafiti waliona kwamba sababu kubwa ni kulungu kuziepuka barabara na njia ambazo mbwamwitu hupenda kupita. Kama kulungu amebadili njia, dungu lililowekwa na babu mahali palepale tangu zamani litakosa mgeni, ingawa kulungu yuko hai ng'ambo ya kinamasi.

Mnamo Februari 2021, ulinzi huo wa serikali kuu ulipokuwa umeondolewa kwa muda, jimbo liliruhusu wawindaji wasio wa makabila ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kuua mbwamwitu 119. Katika muda usiofika siku tatu waliua 218. Ulinzi ukiondolewa tena, sina pingamizi na msimu mdogo unaosimamiwa vizuri, hasa karibu na wafugaji wanaopoteza ndama. Lakini msimu huo usiuzwe kwa wawindaji kama ahadi ya kulungu wengi. Anayewataka hao ahudhurie vikao vya kaunti yake na kudai vibali vya kuua majike vipunguzwe kila baada ya majira makali ya baridi, na misitu ya umma ivunwe kwa zamu ili machipukizi yasikosekane.