Kuwapigania watu wasio na kura

Kila mwanaharakati wa wahamiaji anapochukua fomu ya kugombea, lawama ni ile ile: ameanza kutafuta ulaji. Mimi lawama hiyo siikubali, na anayenipa nguvu ya kuikataa ni Cécile Kyenge wa Italia.

Mama huyu alizaliwa Kambove, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1964. Alifika Italia mwaka 1983 kusomea udaktari, na masomo akajilipia kwa kutunza wazee majumbani, kazi ambayo mpaka leo inafanywa na wanawake wengi wageni nchini humo. Akawa daktari wa macho, akatulia Modena. Mwaka 2002 alianzisha DAWA, jumuiya ya kuwakutanisha watu wa tamaduni mbalimbali. Siasani aliingilia chini kabisa: baraza la mtaa mjini Modena mwaka 2004, baraza la mkoa mwaka 2009. Mwaka 2010 akawa msemaji wa Primo Marzo, mtandao uliotetea haki za wahamiaji. Februari 2013 akachaguliwa kuwa mbunge, na Aprili hiyo hiyo Waziri Mkuu Enrico Letta akampa uwaziri wa utangamano. Hakuna Mweusi aliyewahi kuwa waziri Italia kabla yake.

Sasa tafakarini. Mwanasiasa wa kawaida akiwasaidia watu, anajua siku ya uchaguzi watamlipa fadhila. Wahamiaji watamlipa nini? Mtu aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya, hata awe ameishi Italia miaka tisa, analipa kodi na wanawe wanasoma hapo hapo, hana kura hata ya kumchagua meya. Anayewasaidia kupata vibali, akiamua kugombea, inabidi akaombe kura kwa majirani zao, na baadhi ya majirani hao hawataki hata kuwaona. Mtafuta ulaji hapiti njia hiyo. Angeanza na wenye kura.

Na Kyenge aliilipia njia hiyo. Julai 2013 Roberto Calderoli, aliyekuwa makamu wa rais wa Seneti, alimfananisha na orangutani mbele ya hadhara. Siku chache baadaye, akiwa jukwaani Cervia, Kyenge akarushiwa ndizi. Jibu lake lilikuwa kwamba ni kupoteza chakula wakati watu wana njaa. Inaniudhi kwamba wengi wanamkumbuka kwa matusi hayo tu, ilhali alichokipigania kinajulikana wazi: uraia kwa watoto wa wageni waliozaliwa Italia. Sheria ya mwaka 1992 inamtaka mtoto huyo aishi nchini bila kukatiza mpaka atimize miaka 18, kisha ana mwaka mmoja tu wa kuomba.

Sheria hiyo hakuibadilisha. Lakini wanaomwita aliyeshindwa waseme pia alikuwa na nini mkononi: alikuwa waziri asiye na wizara kamili, ndani ya serikali ya mseto iliyoanza na chama cha mrengo wa kulia cha Silvio Berlusconi, na serikali yenyewe ikaondoka Februari 2014.

Juni 2025 Waitalia waliulizwa katika kura ya maoni kama muda wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia upunguzwe kutoka miaka 10 hadi 5. Wengi wa waliojitokeza walikubali, ila waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 tu, na sheria inataka zaidi ya nusu. Wageni waliokuwa wakijadiliwa hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo.

Ndiyo maana naona mapambano yaanzie kwenye kura ya serikali za mitaa. Ireland inamruhusu mkazi kumchagua diwani bila kumdai uraia, na Uholanzi inamruhusu mgeni baada ya miaka 5. Ndugu zangu mlioko Italia ambao uraia mmeshaupata, mgombea wa umeya au ubunge akija kuomba kura zenu, muulizeni kwanza yuko upande gani katika jambo hili, na jibu lake mlipeleke kwa wenzenu kabla ya siku ya uchaguzi.