Mke Wangu Anadhani Nalia Kabatini

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Wahenga hawakuwa na kompyuta. Siku hizi mwanzo wa ngoma ni programu ya kurekodi kukuhoji kama ofisa wa uhamiaji: sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, ziwe 44,100 kwa sekunde au 48,000? Biti 16 au 24? Jamani, mimi nina beti mbili na kiitikio, basi!

Haya, umejibu. Unavaa hedifoni, unaanza kuimba, mara masikioni kuna mtu anakuigiza, yuko nyuma kidogo. Ni wewe mwenyewe. Kompyuta inapokea sauti kwa mafungu, na fungu la sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 linakula kama milisekunde 21. Hapo ni kuingia tu, kutoka bado. Ukipunguza fungu hadi 64, yule mwigaji anatoweka, lakini kompyuta inazidiwa na sauti inajaa mikwaruzo. Yaani wanakupa uhuru wa kuchagua kero.

Halafu kuna ile mistari ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nani alikaa akaamua kwamba sifuri iwe juu? Tangu shule ya msingi tunajua sifuri inakaa chini, na mwenye nayo anaficha karatasi. Huku sifuri ndiyo dari. Ukiigusa, wimbi linakatwa kichwa na sauti inapasuka, wala hakuna dawa ya maana. Wajuzi wanakusihi uzunguke kwenye hasi 18. Hasi kumi na nane, na unapongezwa!

Na maiki je? Ile ya kondensa, inayodai volti 48 ndipo iamke, ikishaamka haina adabu. Inasikia kila kitu isipokuwa hisia zako. Miaka yote niliamini nyumba yangu ni tulivu, kumbe jokofu linaimba, tena halipumui na halitoki kwenye noti. Kiti kinalia. Tumbo langu lina maoni yake. Wajuzi hao hao wanasema ingia kabatini, katikati ya nguo, zinanyonya mwangwi. Kweli zinanyonya, mwangwi pamoja na hewa ya kuvuta. Nimo humo gizani, jasho linatiririka, naimba mapenzi yaliyovunjika, mlango unagongwa taratibu.

“Baba watoto, unalia?”

“Narekodi!”

“Basi rekodi polepole, watoto wamelala.”

Kuhariri sina neno. Unakata, unabandika, unafuta kikohozi, na kitufe cha kutendua kinakusamehe kila kitu. Ningependa kitufe hicho kiwepo kwenye maisha ya kawaida. Hata sauti iliyopinda ina fundi wake: programu ya Auto-Tune ilitoka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Mtu amesikiliza tumbo la dunia, akaja kusikiliza waimbaji, akaona huku ndiko kwenye kazi.

Balaa ni kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote ziwe wimbo mmoja. Unalisikiliza gitaa peke yake: nene, tamu, linabembeleza. Unaliweka pamoja na besi: tope. Wote wawili wanagombania sauti za chini, na sauti yako imefukiwa humo humo. Dawa yake ni kulikata gitaa kuanzia kiuno kwenda chini mpaka likisikika peke yake linatia huruma, ndipo likiwa na wenzake linapendeza. Sauti ya mwimbaji nayo, chini ya hertzi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, fyeka, hakuna mtu huko. Unatumia jioni nzima kuharibu kila kitu kimoja kimoja ili vyote viwe vizuri! Kisha unaleta kompresa. Kazi yake ni kuwashusha wanaopiga kelele, halafu inawapandisha wote kwa pamoja. Kwa hiyo ile pumzi uliyoivuta kwa siri sasa iko mbele ya jukwaa, na jokofu limerudi likiwa na nguvu mpya.

Na sikio lenyewe ni msaliti. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii besi sawasawa. Sasa mtu mwenye watoto waliolala atamiksi kwa sauti gani? Usiku naona besi haitoshi, naongeza. Asubuhi nafungua kwa sauti ya kawaida, madirisha yanacheza. Ndugu yangu mmoja naye akausikiliza wimbo kwa spika ya simu, ile tundu moja ya chini, ambayo besi haijawahi kuifikia, akaniuliza, “Kwani hukuweka besi?” Sijamjibu mpaka leo.

Kibaya zaidi, sisikilizi tena kitu kama binadamu. Juzi mtangazaji wa taarifa ya habari anasoma jambo zito, sebule nzima kimya, mimi nahesabu “s” zake. Kali! Zinachoma huko kwenye hertzi 6,000 na kitu.

“Amesema nini?” mke wangu akauliza, alikuwa ndiyo anaingia.

“Sijui, ila wangemshusha kidogo kule juu.”

“Kule juu wapi? Wamemfukuza kazi?”

“Nani?”

“Si huyo waziri!”

Kumbe ilikuwa habari ya waziri.