Ongeza Kidogo Tu, Mjomba

Ukitaka kupimwa uvumilivu, tafuta prosesa, yaani ubongo, ya kompyuta ya mezani ya bei ya kati. Mwenye hela chache hana shida: ananunua ya chini kabisa, anakwenda zake. Mwenye nazo ananyooshea kidole ya juu kabisa, hata boksi haligeuzi kusoma nyuma. Sisi wa katikati ndio tunaokesha.

Mahitaji yangu hayana makuu. Nifungue jedwali langu la hesabu, nifungue na kurasa kadhaa za intaneti bila mashine kupumua kwa shida, jioni watoto wacheze gemu zao. Basi. Nikamfuata mpwa wangu, ambaye ndiye mtaalamu wa ukoo, maana kila kifaa kikizima kwetu anaitwa yeye. Akanijibu papo hapo: "Mjomba, chukua Core i5-12400F. Kori 6, nyuzi 12, inakutosha kabisa." Kori ni kama mafundi walio ndani ya prosesa, nyuzi ni idadi ya kazi wanazoweza kushika kwa wakati mmoja. Nikafurahi. Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. "Ila ukiongeza kidogo unapata 13400F, ina kori 10."

Nikauliza, hizo 10 zote zinapiga kazi? Hapana. Zile 6 ndizo za nguvu, 4 zilizobaki ni za kubana matumizi ya umeme, zinashughulikia vijikazi vya pembeni. Ni kama kuitiwa mafundi kumi wa kubeba kabati, ukifika unakuta wanne wameshika misumari. Sisemi hawana faida, misumari nayo lazima ishikwe na mtu. Ila nami nilikuwa nahesabu mabega.

"Na ukishafika hapo, Mjomba, si uongeze kidogo tu uende Ryzen 5 7600 ya AMD? Soketi yake ya AM5, lile tundu la kuipachikia, bado ina maisha, kesho na keshokutwa unabadilisha prosesa peke yake." Hoja nzuri. Tatizo AM5 haiongei na RAM, ile kumbukumbu ya kazi, ya kizazi cha DDR4, inataka DDR5 tu, na mimi RAM niliyonayo ni DDR4. Nilivishika vijiti vyote viwili mkononi nikavilinganisha. Urefu ule ule, pini 288 kila kimoja, huwezi kuvitofautisha kwa kuangalia haraka. Kilichohamishwa ni kile kipengo cha chini, kimesogezwa pembeni kidogo, kiasi cha kuhakikisha mjomba wa watu hapachiki alichonacho. Kwa hiyo prosesa mpya, mazabodi (ubao mama) mpya, RAM mpya. Na mazabodi ikishakuwa mpya, mpwa anasema kuiwekea prosesa ya kawaida ni kuidhalilisha, bora niongeze kidogo nipate X3D, ile yenye kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, iliyopandishwa ghorofa. Tulitoka kwenye kitu cha bei nafuu, sasa tunajadili mtambo wa kurushia setilaiti, na hesabu zangu bado ni zile zile za kujumlisha safu mbili.

Tuje kwenye herufi, kwa sababu hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kwa Intel, watengenezaji wa hizo i5, F maana yake haina picha ndani: bila kadi ya picha unawasha mashine, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. K maana yake unaruhusiwa kuipandisha kasi mwenyewe. KF ni vyote viwili, uhuru wa kuchezea kasi na giza la skrini. Hapo nikadhani nimeelewa alfabeti. Nikaenda upande wa AMD, wapinzani wao wenye Ryzen, nikute ahueni, nikakutana na ukoo wa 5600: kuna 5600 yenyewe, 5600X, 5600G, 5600GT, 5600T, 5600XT na 5600X3D. Saba nilizohesabu mimi! Mzee mmoja na wajukuu sita. Ile 5600 na 5600X zimepishana, ukiangalia kasi ya juu, gigahezi (mapigo bilioni kwa sekunde) 4.4 na 4.6. Hiyo 0.2 mimi nitaiona wapi, kwenye safu ipi? G ina picha ndani, jambo la heri, lakini kashe yake ni MB 16 badala ya 32 za 5600 ya kawaida, kwa hiyo ukiipachikia kadi ya picha baadaye, kwenye gemu inaachwa nyuma na ndugu yake asiye na herufi. Anayeyajua haya kwa kichwa apewe shahada.

Halafu kuna wale wanaokuambia wewe angalia gigahezi tu, kubwa ndiyo kubwa. Hao wapuuze kwa amani. Pentium 4, prosesa ya zamani ya Intel, ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004. Ryzen 5 7600 ya mwaka 2023 kasi yake ya kuanzia ni gigahezi ngapi? 3.8. Ukisoma lebo bila kujua kitu, utasema wahandisi walilala karibu miaka 20. Wakati kila pigo moja la hii mpya linamaliza kazi nyingi kuliko la ile ya zamani, na kori ni 6 badala ya moja, na inapopandisha inafika 5.1. Namba ile ile, wanyama wawili tofauti.

Jirani naye hakubaki nyuma. "Mbona i5 za bei chee zimejaa? Mimi nimepata i5 kwa bei ya kutupa." I5 ipi, ndugu yangu? Hilo jina lipo tangu 2009, na ya kwanza ile, i5-750, ilikuwa na kori 4 na nyuzi 4. Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata, zinazoonyesha kizazi chake, si ile i5 iliyoandikwa kwa wino mnono. Windows 11 yenyewe kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, chini ya hapo inakukatalia mlangoni, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Jirani amenuna. Anasema yake inawaka. Sijakataa, hata jiko linawaka.

Mimi nimeamua, na mpwa akitaka akasirike. Nachukua 12400 tupu, bila F wala mkia wowote. Picha ndani inayo, ya kuonyesha jedwali na video na vigemu vyepesi. Watoto wakitaka makubwa kadi itakuja siku hela ikija. Mazabodi natafuta ya soketi LGA1700 inayopokea DDR4, maana zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na usiposoma maandishi madogo unabeba isiyo yako. RAM yangu inabaki kazini. Feni inakuja ndani ya boksi, sitaki kusikia habari za kupoza kwa maji. Kori 6 na nyuzi 12 kwa mtu wa kazi zangu ni nyingi mno, tusidanganyane.

Nikampigia mpwa kumpa taarifa, kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Akanyamaza kidogo, nikajua ameshindwa hoja. Kisha akasema, "Umechagua vizuri, Mjomba. Sasa pawa saplai unataka ya wati ngapi? Maana kuna ya daraja la bronzi na kuna ya dhahabu, na ya dhahabu ukiongeza…"

Mtandao wangu ukakata hapo hapo. Nilikuwa nimeushika kwa kidole gumba.