Saruji inaumaliza mji wa Pangani

Kutoka Bweni, kijiji kilicho ukingo wa kusini wa Mto Pangani, ukiwa juu ya pantoni, Pangani yote unaiona ng'ambo: minazi, mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, nyumba ya forodha ukingoni mwa mto, na Boma ambalo hutajwa kuwa lilijengwa mwaka 1810. Huu ndio mji uliokataa bendera ya kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, na hapahapa Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani huo, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Kuta zilizoshuhudia hayo bado zimesimama, ila nyingi zinabomoka, na kinachozibomoa kwa kasi zaidi ni ukarabati wenyewe.

Ukuta wa kale wa Pangani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Unafyonza unyevu kutoka ardhini na kwenye upepo wa bahari, kisha unautoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ndivyo ulivyokusudiwa. Fundi akija akapiga lipu ya saruji, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu ndani ya ukuta, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Baada ya misimu michache ya mvua lipu inatoka vipande vipande, kila kipande kikiwa kimebanduka pamoja na uso wa jiwe. Fundi anaitwa tena, anaongeza saruji. Hapo ndipo unyevu unapofika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, zinaoza, na dari linashuka.

Dawa yake wazee wa pwani waliijua. Chokaa mbichi, yaani iliyochomwa lakini haijazimwa kwa maji, hutiwa kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya lundo la chokaa, kwa sababu hutokota ghafla na kurukia macho. Iache shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Kwa lipu, changanya ndoo 1 ya chokaa hiyo na ndoo 3 za mchanga. Lowanisha ukuta kwanza. Piga tabaka jembamba, kama milimita 10, uliache likaze kabla ya kupiga la pili, halafu ulinyunyizie maji kwa wiki nzima na kulikinga na jua kwa magunia yaliyoloa. Wengi huharibu kwa haraka: lipu ya chokaa iliyokaushwa na jua la mchana mmoja hupasuka na kugeuka vumbi.

Mchanga usichotwe ufukweni. Weka chembe chache ulimini. Ukionja chumvi, uache. Maji nayo yaonje vivyo hivyo, na hapa ndipo mto unapoingia kwenye hesabu ya fundi. Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi, ukibeba maji ya Kilimanjaro na Meru yanayokutana bwawani Nyumba ya Mungu. Njiani yanatumika kwenye mashamba ya umwagiliaji. Maji baridi, yasiyo na chumvi, yanayofika mlangoni mwa mto yakipungua, bahari inapanda na mto: minazi ya kingoni inadhoofika, visima vinaingia chumvi. Fundi anayechanganya chokaa kwa maji ya kisima cha namna hiyo anautia ukuta ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na mipango inayolizungumzia Boma kana kwamba mto haumo.

Boriti ni suala jingine. Zile za zamani ni za mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Leo mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika kingo za mto. Mbao ngumu zilizokauka vizuri zinafaa badala yake, mradi ncha zake ziachiwe nafasi ya hewa ndani ya ukuta na zisizibwe kwa zege.

Mwenye nyumba asiye na fedha za kutosha aanze na paa. Bati moja lililotoboka linalowesha ukuta kuanzia juu, na lipu yoyote utakayopiga chini yake, hata ya chokaa safi, itatoka.