Nomad alifuta kila kitu, Kiswahili kikabaki

Wapenzi wa Star Trek ya kwanza, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani ya 1966 hadi 1969 kuhusu mabaharia wa chombo cha nyota katika karne ya 23, wanapozipanga sehemu zake 79 kwa ubora, "The Changeling" huvutwa chini kwa sababu ya Uhura. Mashine iitwayo Nomad, ambayo imeshateketeza watu bilioni nne, inamsikia ofisa huyu wa mawasiliano akiimba. Haielewi kuimba ni kitu gani. Inampekua kichwani na kumfutia kumbukumbu. Daktari McCoy anaamuru asomeshwe upya, na kabla sehemu haijaisha tunaambiwa ameshafika kiwango cha chuo, wiki moja tu atakuwa kazini.

Wanaoicheka wana haki yao. Wiki moja! Tena mwanamke mweusi pekee katika chumba cha usukani ndiye anayekalishwa na kusomeshwa sentensi za mbwa na mpira kama mtoto wa chekechea. Nomad inalalamika kwamba akili yake ni vurugu tupu. Jibu la Spock, ofisa wa sayansi wa chombo, ni kwamba huyo ni mwanamke, na hadithi inasonga mbele. Sehemu zilizofuata hazikumbuki kabisa kwamba aliwahi kupatwa na janga hilo. Hapo siwatetei waandishi.

Ila kuna kipande kifupi ambacho wengi hukiruka. Uhura akikwama kwenye Kiingereza, anabubujika Kiswahili, na nesi Chapel anamrudisha: haya, sasa kwa Kiingereza. Kuna wanaoliita hilo tundu la hadithi, kwani kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Wengine wanaona Kiswahili kimegeuzwa lugha ya utoto, ya kuvukwa upesi ili mtu awe mtu mzima.

Swali la tundu si jepesi hivyo. Mwaka 1881 mwanasaikolojia Mfaransa Ribot alidai kwamba mtu akipoteza kumbukumbu, zilizotangulia kuingia ndizo hudumu. Mwaka 1895 mwenzake Pitres akapinga: mgonjwa wa lugha nyingi hurejewa kwanza na ile aliyoizoea zaidi. Kwa Pitres, Uhura, ambaye kazi yake yote ilikuwa kwa Kiingereza, angezinduka nacho. Waandishi walikwenda na Ribot, wajue wasijue.

Na hapo ndipo ninapong'ang'ania. Vyote alivyopewa kikosini vilikwenda. Kilichobaki ni cha nyumbani. Mtu hawi na lugha ya mama katika karne ya 23 isipokuwa kuna mama aliyeizungumza karne hiyo. Hakuna anayelisema katika sehemu nzima, lakini limo: Kiswahili hakikuishia makumbusho, kimelea watoto hadi zama za vyombo vya nyota. Linganisha na "The Man Trap", sehemu ya kwanza kurushwa, Septemba 1966. Humo jitu linalofyonza chumvi ya miili linajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura Kiswahili ili limnase. Mwaka mmoja baadaye lugha hiyohiyo, iliyokuwa chambo, ndiyo inayonusurika.

Matamshi, ndiyo, ni ya mgeni. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikuwa Mmarekani wa Illinois, na alisimulia kwamba jina Uhura lilitokana na kitabu alichokwenda nacho kwenye usaili, chenye jina Uhuru. Sijali lafudhi. Kinachonichoma ni ile "sasa kwa Kiingereza", iliyorushwa Septemba 1967, mwaka uleule ambao serikali ya Tanzania iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Chapel hana ubaya, anamtibu mgonjwa na chombo kinamhitaji ofisa wake. Ningependa tu angemwacha Uhura amalize sentensi.