Msimbo ni wa wote, jina ni lako

Ukitengeneza programu ya kuchati na kuiachia huria, umeshagawa karibu kila kitu. Yeyote anaweza kuchukua msimbo wako, yaani maagizo yanayoiunda programu, usiku huu, akabadilisha rangi na kesho akaupandisha Play Store, na leseni uliyoichagua mwenyewe inamruhusu. Kinachobaki mkononi mwako ni jina. Ndiyo maana nawashangaa watu wanaonoa usimbaji fiche, ule wa kuficha ujumbe usisomwe na wengine, miaka na miaka, halafu jina wanaliokota dakika ya mwisho.

Mfano mzuri ni Gaim. Mark Spencer aliianza mwaka 1998 ili watumiaji wa Linux waweze kuchati kwenye mtandao wa AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, na jina la kwanza lilikuwa na AOL ndani yake. AOL wakalalamika, likafupishwa likawa Gaim. Ila humo ndani bado kulikuwa na AIM, jina la programu ya AOL yenyewe, na wanasheria hawakuliacha. Mvutano ukaendelea huku toleo la 2.0 likitolewa kama la majaribio, tena na tena, mpaka Aprili 2007 ndipo programu ikaitwa Pidgin na maktaba yake, yaani msimbo wa ndani ambao programu nyingine zinaweza kuutumia, libpurple. Msimbo haukuwa na kosa lolote. Herufi tatu tu ndizo zilizowakwamisha.

Riot nao yaliwakuta. Mwaka 2016 programu hiyo ya kuchati kwenye Matrix, mtandao huria wa mawasiliano, iliacha jina la Vector ikajiita neno la Kiingereza lenye maana ya ghasia. Sasa mpelekee mkurugenzi wa benki umwambie wafanyakazi wake wafanyie vikao kwenye Ghasia! Isitoshe, kulikuwa na kampuni kubwa ya michezo ya kompyuta iliyokuwa imeshalishika neno hilo, hivyo kulisajili ikashindikana. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na akili zaidi: ilichukua msimbo uleule, na mwaka 2019 ikawapa watumishi wake programu iitwayo Tchap, jina linalomkumbuka Claude Chappe, aliyebuni telegrafu ya minara. Mwaka uliofuata Riot wenyewe wakawa Element. Sikulipenda sana jina hilo. Ukilitafuta peke yake unaletewa kemia.

Halafu kuna hili linalotuhusu. Programu ya Ring, iliyotengenezwa na Savoir-faire Linux ya Montreal, ilibadilishwa jina Desemba 2018, mwaka uleule ambao Amazon ilinunua kampuni ya kengele za milango yenye jina hilohilo. Jina jipya ni Jami, na walilitoa kwenye neno letu, jamii. Nilifurahi, sikatai. Lakini mwambie mtu wa Dar es Salaam kwa mdomo, "pakua Jami", uone. Sikio lake litakusahihisha, ataongeza i ya pili, na utafutaji utampeleka JamiiForums. Tena kwetu jamii ni neno la ofisini: ustawi wa jamii, hifadhi ya jamii, maarifa ya jamii. Halinukii maongezi hata kidogo.

Mtu anaweza kusema hayo ni madogo. Kwa programu ya uhasibu, sawa, unaitumia peke yako. Programu ya kuchati haina kazi mpaka mtu wa pili aiweke, na programu huria haina fedha za matangazo. Inasambaa kwa mdomo, kwenye daladala, au kwa simu inayokatakata. Jabber, mfumo huria wa kuchati uliotolewa hadharani mwaka 1999, lilikuwa jina linalotamkika. Kiwango chake, yaani kanuni za kiufundi za kutumiana ujumbe, kikaja kuitwa XMPP, na alama ya biashara ya Jabber ikaenda kwa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, iliponunua kampuni ya Jabber mwaka 2008. Jaribu kumshawishi shangazi yako ahamie XMPP.

Kwa hiyo kwa wanaojenga huku kwetu: achaneni na Umoja, Uhuru na ndugu zao. Ni maneno mazuri ambayo kila chama, benki na shule imeshayatumia, na hutaweza kuyadai. Jihadharini pia na jina lenye l na r, kwani wengi wetu tunazibadilishana tunapotamka, na anayesikia ataandika alivyosikia. Mimi ningechagua neno fupi la kutunga, silabi mbili au tatu, linaloandikwa kama linavyotamkwa. Ningempigia mtu asiyejua kompyuta, nilitaje mara moja, kisha nimwombe anitumie kwa meseji. Akilikosea, nalitupa, hata kama nembo imeshachorwa.

Likipita, lipelekeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mkalisajili kama alama ya biashara, na mkumbuke kwamba usajili wao unaishia Tanzania Bara. Kwa kazi hiyohiyo Zanzibar wana BPRA, Kenya wana KIPI. Jina la tovuti linunuliwe siku hiyohiyo, kabla msimbo haujawekwa hadharani.