Uliniita Mwizi Mbele ya Watu, Unaniomba Radhi Mbele ya Ng'ombe

Tulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, Machame juu, ambako migomba na mibuni imebanana mpaka mchana unafanana na jioni. Yeye alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga, mimi nimeshika bahasha. Nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga njia nzima ndani ya daladala: kaka, mwaka ule nilikukosea, naomba unisamehe. Panga halikusimama. Akamaliza fungu lile, akalitupa horini, ndipo akanitazama.

"Mangi, uliniita mwizi mbele ya watu thelathini. Leo unakuja kuniomba radhi mbele ya ng'ombe?"

Kazi ya mlima nimeifanya zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nilianza mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro tunavyojiita, nikawa msaidizi, nikawa kiongozi mwenye leseni. Nimefokewa na wageni wa kila taifa kwa kila lugha. Sijawahi kufungwa mdomo namna ile.

Kisa chenyewe ni hiki, na nakiandika kama kilivyokuwa, bila kukipaka sukari. Agosti 2003, njia ya Machame, siku ya tano. Tumeshatoka kileleni na kurudi kambi ya Barafu, mita 4,673. Watu hoi, vichwa vinauma, wengine wamelala na buti miguuni. Kiongozi mkuu alikuwa bado nyuma na mgeni aliyezidiwa, kwa hiyo pale kambini mkubwa nilikuwa mimi. Wageni wakalala kwa muda wa saa mbili hivi, wakaamka, wagumu wakaanza kukunja mahema na kufungasha tushuke Mweka. Mgeni mmoja akasema haoni kamera yake. Ilikuwa kamera ndogo, ya kuingia mfukoni, na picha zake zote za kileleni zilikuwa humo.

Sikuuliza hata maswali mawili. Nilimwita kijana aliyekuwa amefungasha mfuko wa kulalia wa yule mgeni, kwa sababu ndiye aliyeingia hemani mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, safari yake ya tatu. Nikamwamuru amwage begi lake chini kwenye changarawe, kila mtu aone. Zikatoka soksi jozi mbili, kiberiti, sweta la shule lililokatwa mikono, mfuko wa rambo wenye ndizi za kuchemsha zilizokwisha kuwa nyeusi kwa baridi. Sikuinama. Nilivivuruga vitu vyake kwa ncha ya fimbo ya kupandia, kama mtu anayechokonoa jalala. Mpishi akacheka. Kamera haikuwemo.

Unadhani kutokutwa na kitu kulimsaidia? Nikasema ameshaificha. Nikamtuma ashuke peke yake, bila mshahara, bila bakshishi, mzigo wake nikawagawia wenzake. Alitaka kusema neno nikamwambia ashukuru simpeleki polisi.

Wiki kama tano baadaye nilipita ofisini kwa mwajiri wetu wa wakati huo. Karani akanisomea barua pepe. Mgeni amefika kwao, amepeleka mfuko wa kulalia ukafuliwe, kamera imekutwa chini kabisa, upande wa miguuni. Aliiweka humo mwenyewe alipojilaza baada ya kutoka kileleni, betri zisife kwa baridi, akasahau. Ni jambo ambalo tunawafundisha wageni sisi wenyewe! Kila mgeni anaambiwa alale na kamera na betri zake, maana baridi ya Barafu huzimaliza kabla hujafika Stella, kule juu ukingoni mwa kreta. Nilijua hilo siku ile na sikulifikiria. Aliomba samahani kwa usumbufu, akatuma salamu kwa wote. Nikamwambia karani nitazifikisha. Sikumfikishia mtu.

Asiyejua kazi hii atauliza, kwani neno la msaidizi mmoja lina uzito gani? Enzi zile vijana wengi hawakuwa na mkataba wala orodha popote. Kazi ilipatikana getini. Unafika alfajiri, unasimama na wenzako nje, kiongozi anatoka na karatasi anaita: wewe, wewe na wewe. Mzigo unapimwa, kilo zisizidi ishirini, mnaondoka. Anayekuchagua ndiye atakayekugawia bakshishi mkishuka, na ndiye atakayesema kama una adabu au huna. Hukumu yake haina rufaa. Kijana yule alijaribu Machame, hakuitwa. Akaenda Marangu. Akazunguka hadi upande wa Rongai. Kila geti jina lilikuwa limetangulia. Akaishia Mererani kuchimba tanzanite, miaka minane, mpaka baba yake alipofariki ndipo akarudi nyumbani kushika shamba.

Mimi nikapanda cheo.

Miaka kadhaa iliyopita, tumekaa kambi ya Horombo mvua inanyesha, mgeni mmoja Mwitaliano alinisimulia habari za mlima wa K2. Baadaye nikaitafuta nikaisoma yote, kwa sababu ilinikosesha usingizi. K2 ina mita 8,611, na waliofika kileleni kwanza ni Waitaliano wawili, Achille Compagnoni na Lino Lacedelli, tarehe 31 Julai 1954, katika msafara ulioongozwa na Profesa Ardito Desio. Nchi nzima ikashangilia. Lakini usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na watu wengine wawili juu kule. Walter Bonatti, kijana wa miaka 24, na mpagazi wa Hunza, kaskazini mwa Pakistani, Amir Mahdi. Wao ndio waliowapandishia wenzao mitungi ya oksijeni. Walipofika mahali walipokubaliana hema liwepo, halikuwepo. Lilikuwa limewekwa kwingine. Giza likaingia, wakapiga kelele, wakajibiwa kwa sauti kutoka mbali: acheni mitungi, shukeni. Kushuka usiku kwenye barafu ile haiwezekani. Wakalala nje, takriban mita 8,100, bila hema, bila mfuko wa kulalia. Mahdi alikuwa amevaa buti za jeshi zinazombana. Alikatwa vidole vyote vya miguu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 1964 gazeti moja la Italia likaandika kwamba Bonatti ndiye mkosaji, eti aliivuta oksijeni ya wenzake usiku ule na alitaka kuwatangulia kileleni. Barakoa za kuvutia oksijeni hiyo zilikuwa kwa hao wenzake, angeivuta kwa nini? Bonatti akaenda mahakamani, akashinda. Hata hivyo taarifa rasmi ya msafara ilibaki vilevile, na Club Alpino Italiano, chama chao cha wapanda milima, hakikuigusa. Ilikuwa 2004, miaka hamsini imepita, Lacedelli alipokiri kwamba lile hema lilisogezwa kwa makusudi. Chama kikateua watu watatu waheshimiwa kupitia upya, na baadaye kikakubali rasmi kwamba maelezo ya Bonatti ndiyo ya kweli. Bonatti alifariki 2011, kwa hiyo aliisikia.

Zamani ningesema mzee huyu ana kisirani. Alikuwa mpandaji mkubwa, dunia inamheshimu, kesi ameshinda, anataka nini tena? Leo namwelewa. Hakuwa anadai barua ya faragha wala kushikwa mkono jikoni kwa mtu. Alidai taarifa rasmi irekebishwe, kwa sababu humo ndimo alimochafuliwa. Ni hoja ileile ya ng'ombe.

Ila mimi ni mgumu kabla ya yote, na mgumu akisoma kisa hiki jicho lake haliendi kwa Bonatti. Linaenda kwa Mahdi. Amir Mahdi alifariki 1999, miaka mitano kabla ya chama kuwateua wale watatu. Nusu karne ya mabishano ya nani aliivuta oksijeni, nani alivaa barakoa kwenye picha ya kileleni, na kijiji cha Hunza kina mzee anatembea bila vidole. Kuombwa radhi nako kumbe kuna foleni, na mpagazi husimama nyuma. Siwalaumu Waitaliano kwa hilo kuliko ninavyojilaumu. Wao walau waliandika jina lake. Hapa kwetu, misafara mingapi imeandika majina ya waliobeba?

Wenzangu kadhaa, viongozi wa rika langu, nilipowaambia ninataka kumrudia yule kijana walinipa msemo uleule: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mzuri. Lakini chunguza siku ukiusikia, ni nani anayeutamka. Mimi bado sijamsikia aliyekosewa akiusema wa kwanza. Mmoja akaniambia kwa uwazi zaidi: ukisimama getini useme ulikosea, vijana watakudharau, kesho ukiwaamuru hawatii. Hoja hii si ya kupuuza. Mlimani kuna saa ambayo kiongozi anasema "tunageuka" na hakuna mjadala, na mtu akibisha anakufa. Lakini utii wa namna hiyo haukutoka kwenye kumwaga begi la mtu chini. Nadhani mengi tunayoyaita nidhamu ya mlima ni woga wa kukosa kazi kesho, na sisi tunaofaidika nao tumeubatiza jina.

Nirudi zizini. Mama yake alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akatoka, akaiangalia bahasha yangu, akasema taratibu, "Mwanangu, umekuja na karatasi. Masale yako kwenye uzio. Umeyapita."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: sale ni mmea wa majani marefu membamba, Wachaga tunaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unamletea jani la sale lililofungwa fundo, na uzito wake ni kwamba anayeletewa hapaswi kulikataa. Sasa fikiria, uzio mzima wa boma lile ni masale. Nilikuwa nimeyasukuma kwa bega ili nipite.

Nilirudi baada ya wiki mbili na baba yangu mdogo, na jani, na mbege dumu moja. Baba mdogo ndiye aliyezungumza, ndivyo inavyotakiwa. Jamaa akalipokea jani. Mila inambana alipokee, nalijua hilo, na sikuchukulia kwamba amenisamehe. Kisha tukaja kwenye hesabu. Mshahara wa siku zile nilikuwa nimeupiga mahesabu. Bakshishi nilikuwa nimeisahau. Yeye hakusahau, alikitaja kiasi ambacho kila mgumu alipata siku ile Mweka, maana wenzake walimwambia, na alikuwa amekaa nacho kichwani muda wote huo. Nikaongeza. Akasema sawa, hilo la fedha limeisha. Bado la geti.

Kati ya wale thelathini niliwapata kumi na mmoja. Watatu wamefariki. Wengine hawajulikani waliko. Walioweza kufika asubuhi ile ya Jumatatu nje ya geti la Machame walikuwa sita, pamoja na vijana kama arobaini waliokuwa wakingoja kuitwa kazini, ambao 2003 wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Mpwa wangu alitaka kunirekodi kwa simu. Nikakataa, ila jamaa akasema mwache arekodi, akabadili mawazo, akasema hapana.

Nilisimama juu ya jiwe. Sikusema "kama kuna mtu nilimkwaza". Nilisema jina langu, jina lake, kamera, mfuko wa kulalia, barua pepe, na kwamba nilijua baada ya wiki tano na nikanyamaza miaka ishirini. Hilo la kunyamaza ndilo lililokuwa gumu kutoka, kuliko lile la kumwita mwizi. Kuna kijana pale mbele aliuliza kwa sauti, "Na wewe ulifanywa nini?" Nikajibu nilipandishwa cheo. Kukawa kimya, halafu mmoja akaguna, na watu wakaanza kuitwa kwenye mizani.

Jina lake silitaji hapa. Getini alitaka litajwe, kwenye maandishi hataki, na uamuzi huo ni wake.

Tulishuka pamoja kwa miguu mpaka barabarani. Hakuniambia amenisamehe na sikumuuliza. Aliongea habari za bei ya maziwa na ndama aliyekataa kunyonya. Tulipokaribia kituo akasimama.

"Yule mpishi aliyecheka," akasema. "Yuko Tarakea, ana mgahawa. Yeye bado anajua mimi ni mwizi."

Namba ya simu ya mpishi ninayo. Jumamosi napanda gari la Tarakea.